Waliokesha foleni hawalilii baridi

Kila tiketi za tamasha kubwa zinapoisha mtandaoni kabla watu hawajamaliza kujaza majina yao, waliowahi kukesha nje ya dirisha la tiketi huanza kukumbushana enzi zile. Vijana huwajibu kwamba huko ni kuutamani ujana tu. Nani mwenye akili timamu anataka kulala tena barazani juu ya maboksi?

Vijana wana hoja. Mwenye zamu ya usiku, mwenye mtoto mchanga, mlemavu, mkazi wa mji wa mbali, wote hao walikosa tiketi kabla foleni haijaanza. Na walanguzi walikuwepo, wakilipa watu wawashikie nafasi.

Ila wanaoikumbuka foleni hawalilii baridi. Wanakumbuka daftari. Mmoja alijitolea kuandika majina kwa namba, na usiku kucha akawa anayaita kwa mwanga wa tochi, asiyeitika alifutwa. Ukienda haja, jirani alilinda blanketi lako. Aliyefika saa tisa usiku aliwaona kwa macho yake wote waliomtangulia, na akikosa, alijua amekosa kwa nani.

Foleni ya mtandaoni haina daftari. Novemba 2022, tiketi za ziara ya mwanamuziki Taylor Swift zilipoanza kuuzwa Marekani, mashabiki waliojiandikisha mapema ili wahakikiwe walikuwa milioni 3.5. Ticketmaster, kampuni iliyoziuza, yenyewe ilisema mitambo yake ilipokea maombi bilioni 3.5. Gawanya: maombi elfu moja kwa kila aliyejiandikisha! Hakuna shabiki mwenye vidole vya kubonyeza hivyo. Humo mlikuwa na wasio na msimbo wa kuruhusiwa kununua, na mlikuwa na roboti, yaani programu za kompyuta za kununua tiketi, ingawa Marekani ilikuwa na sheria dhidi ya roboti hizo tangu 2016. Mauzo ya wazi kwa umma yakafutwa. Aliyetazama namba yake ikiganda kwenye skrini hakuwa na njia ya kujua aliyekuwa mbele yake ni mtu au mashine.

Bei nayo. Mwaka 2024 mashabiki wa bendi ya Oasis nchini Uingereza walisubiri kwa saa nyingi, na walipofikiwa wakakuta tiketi ya kusimama iliyotangazwa kwa takriban pauni 150 imepita 350. Dirishani bei ilibandikwa ukutani, na kusubiri hakukuiongeza.

Mimi siombi wote warudishwe barazani. Tenisi ya Wimbledon imepata njia: tiketi nyingi hupatikana kwa bahati nasibu, lakini takriban 500 kwa kila kimoja cha viwanja vikubwa, karibu siku zote za mashindano, huwekwa kwa ajili ya wanaopanga foleni, wengine wakiwa wamelala kwenye mahema. Kila mtu hupewa kadi yenye tarehe na namba yake, na tiketi ni moja kwa kichwa, haihamishwi. Waandaaji wa matamasha wanashindwa nini kutenga hata sehemu ndogo kama hiyo?