Mumbles na reli waliyoipenda baada ya kuizika

Ukihamia Mumbles utaambiwa habari za treni kabla hujajua duka la mkate liko wapi. Mwenye nyumba atakwambia, jirani atakwambia, na hata yule mzee anayetembeza mbwa asubuhi, ambaye kwa kawaida salamu yake ni kutikisa kichwa tu, kwa hili atasimama. Reli ya kwanza duniani kubeba abiria kwa nauli ilipita hapahapa, kando ya maji, mwaka 1807. Watalisema kwa fahari. Kisha wataguna na kuongeza kwamba waliing'oa.

Nimeishi hapa kiasi cha kutosha kuanza kuuliza: ni kina nani hao walioing'oa?

Kwa msiopajua, Mumbles ni kitongoji cha mji wa Swansea, kusini mwa Wales, pale ghuba inapojikunja upande wa magharibi kabla rasi ya Gower haijaanza. Juu ya kilima kuna ngome ya Oystermouth, iliyoanza kujengwa karne ya 12. Mwisho wa barabara kuna gati la mwaka 1898, na mbele yake visiwa viwili vya mwamba. Cha nje kina mnara wa taa tangu 1794. Maji yakipwa unavifikia kwa miguu. Yakianza kujaa, rudi mbio. Sisi tuliokulia pwani ya Afrika Mashariki hujiona mabingwa wa bamvua, lakini bahari hii ina jeuri nyingine: siku za bamvua tofauti kati ya kupwa na kujaa huzidi mita 8, karibu mara mbili ya ile ya Unguja. Asubuhi mashua zimelala ubavu kwenye tope, adhuhuri zinaelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Naitaja bahari kwa sababu nitarudi kuidai.

Tuanze na reli. Haikujengwa kwa ajili ya watu. Bunge la Uingereza liliidhinisha mwaka 1804 kwamba kuwe na njia ya chuma, mabehewa yakokotwe na farasi, ili mawe ya chokaa, makaa ya mawe na madini ya chuma yafike Swansea. Wakati huo Swansea ilikuwa jiko la shaba la dunia, na majiko hayo yalikuwa na njaa isiyoisha. Mwanadamu kupanda juu ya njia hiyo halikuwa wazo la mtu yeyote mwenye akili timamu, mpaka mfanyabiashara mmoja, Benjamin French, alipowaendea wamiliki na kuwapa pauni 20 kwa haki ya kubeba abiria kwa mwaka mzima. Machi 1807 akaanza. Gari la farasi, magurudumu juu ya chuma, upepo wa ghuba usoni, na watu wakalipa.

Mimi napenda sana hizo pauni 20. Tunapozoea kusoma historia ya reli tunakutana na wahandisi, mvuke, masanduku ya dhahabu ya wawekezaji. Hapa kuna mtu aliyetazama gari la kubebea mawe akaona viti. Hakuvumbua chochote. Aliomba ruhusa tu.

Lakini kuna sehemu ya hadithi ambayo mzee wa mbwa haisemi, na ndiyo iliyonifanya niandike. Treni hii ilikufa mara mbili, na mara zote mbili iliuawa na kitu kilekile. Miaka ya 1820 ilijengwa barabara nzuri sambamba na reli, ya kulipia ushuru, na mara magari ya abiria ya farasi yakaanza kupita juu yake. Yalikwenda mpaka mlangoni, yalisimama popote. Abiria wakahama. Kabla ya mwisho wa muongo ule huduma ya abiria ya kwanza duniani ilikuwa imekwisha, na njia ikarudia mawe yake. Ilipita zaidi ya miaka 30 hivi watu wakitazama reli ileile bila kuipanda. Farasi wa abiria wakarudi miaka ya 1860, na injini ya mvuke ikafuata mwaka 1877.

Baada ya hapo ndipo treni ikawa ile wanayoililia. Njia ilisogezwa mpaka kwenye gati lilipofunguliwa 1898, na wafanyakazi wa viwanda vya Swansea wakapata pa kupumulia: Jumapili unatoka kwenye moshi wa shaba, baada ya muda mfupi uko juu ya gati na kikombe cha chai. Mwaka 1929 wakaingiza umeme. Magari yalikuwa ya ghorofa, rangi nyekundu, kila moja likikalisha watu 106, makubwa kuliko tramu zozote zilizopata kutembea Uingereza, na siku za msongamano waliunga mawili pamoja. Mwaka 1945 walisafirishwa karibu abiria milioni 5. Fikiria hilo kwa reli ya kilomita zisizozidi 9.

Mwaka 1954 wakafanya sherehe ya miaka 150 tangu ile sheria ya Bunge. Wakatengeneza mfano wa gari la farasi, wakavaa nguo za kizamani, wakapita nalo watu wakishangilia. Haikutimia miaka sita, tarehe 5 Januari 1960, treni ya mwisho ikaondoka. Kampuni ya mabasi, South Wales Transport, ilikuwa imeinunua reli na kupata idhini ya Bunge kuifunga. Kampuni ya mabasi kumiliki treni iliyo mpinzani wake ni sawa na kumkabidhi paka ulinzi wa samaki, na matokeo yake hayakuhitaji mtabiri. Kilichobaki ni kipande cha mbele cha gari moja, ambacho kiko kwenye makumbusho mjini Swansea. Gari jingine lilipelekwa Leeds lihifadhiwe. Huko likaharibiwa na wahuni mpaka halikufaa tena.

Basi ni rahisi kusema walioing'oa ni kampuni. Na ni kweli, sitaitetea. Ila kampuni haikufanya usiku wa manane. Kulikuwa na wapinzani waliopiga kelele, na kulikuwa na wengi zaidi walioanza kuweka akiba wanunue gari dogo. Jirani yangu mmoja, mama mtu mzima aliyepanda treni ile akiwa mtoto, huisimulia ghorofa ya juu mpaka unasikia harufu ya bahari. Nilipomuuliza familia yao ilikuwa ikiipanda mara ngapi miaka ile ya mwisho, alicheka. Baba yake alikuwa amenunua gari, Morris.

Hilo ndilo ninalotaka kulisema, na najua litawaudhi baadhi ya watu ninaopanga nao foleni ya aiskrimu. Mumbles inajua sana kuenzi kitu kikishakufa. Kikiwa hai, kinachukua nafasi, kinagharimu, kinapiga kelele, basi kinatafutiwa sababu.

Chukua chaza. Katika karne ya 19 kitongoji hiki kiliishi kwa chaza. Mamia ya watu walifanya kazi hiyo, mashua zilikokota vyandarua vya chuma sakafuni mwa ghuba, na chaza walitumwa kwa treni mpaka miji mikubwa ya Uingereza. Walivua bila kipimo, maji yakachafuka, ugonjwa ukamalizia, na mwanzoni mwa karne ya 20 biashara ilikuwa imekwisha. Sasa chaza yuko kwenye majina ya nyumba na mabango ya sherehe.

Hata kwetu yapo haya, nisije nikaonekana natoka kwa malaika. Unguja ilikuwa na reli ya Bububu mwanzoni mwa karne ya 20, ikipita pwani kwa abiria. Magari ya barabarani yakaipiku, na miaka ya 1920 ikaishia kubeba mawe. Mumbles ilianza na mawe ikaishia na watu. Yetu ilianza na watu ikaishia na mawe. Leo waulize vijana wa Bububu reli ilipita wapi.

Nirudi kwenye bahari, niliahidi. Kwa miaka kadhaa hapa kulikuwa na mpango wa kujenga ukuta wa kilomita 9 na nusu upande wa pili wa ghuba, karibu na bandari ya Swansea, ili uzingire maji. Maji yakijaa yanaingia kupitia mitambo 16, yakipwa yanatoka kupitia mitambo ileile, na kila mara yanazalisha umeme: megawati 320 kwa makadirio. Ungekuwa wa kwanza wa namna yake duniani. Gharama ilikuwa pauni bilioni 1.3. Serikali ya Wales ilijitolea kuweka milioni 200, na tathmini huru iliyotolewa Januari 2017 ikapendekeza mradi uendelee. Juni 2018 serikali ya London ikakataa, ikisema umeme wake ni ghali kuliko wa nyuklia na kwamba mlipa kodi hatapata thamani ya fedha yake.

Hesabu zao zilikuwa na msingi, sibishi. Kitu cha kwanza daima ni ghali, kwa sababu kinalipia makosa ya vitakavyofuata. Lakini hesabu za mwaka 1807 zingesemaje? Wamiliki wa reli walikuwa na biashara ya mawe inayoeleweka. Abiria walikuwa jambo lisilo na soko, lisilo na takwimu, lisilo na mfano popote. Wangeunda kamati, Benjamin French angerudi nyumbani na pauni zake 20.

Kilichonishangaza ni jinsi hasira ilivyopoa hapa upesi. Wiki chache za kulalamika, kisha mazungumzo yakarudia yale yale: maegesho. Nawaambieni, hakuna somo linalowaunganisha watu wa Mumbles kama maegesho. Jumamosi yenye jua barabara ya pwani hujaa magari tangu asubuhi, yakisogea hatua moja moja, watoto wakilia kwenye viti vya nyuma. Pembeni yao, mita chache tu, kuna njia pana, tambarare, isiyo na kilima hata kimoja, inayotoka Swansea mpaka hapa. Ndipo reli ilipokuwa. Leo wanapita waendesha baiskeli, wakimbiaji na mbwa wenye makoti. Na katika foleni ile ya magari, bila shaka, kuna mtu anayemsimulia mgeni wake habari za treni.

Nisiwe mnyimi wa sifa, kuna jambo moja ambalo watu hawa hawalingoji life. Tarehe 23 Aprili 1947 meli iitwayo Samtampa ilipigwa na dhoruba mpaka ikavunjika kwenye miamba ya Sker Point, mashariki ya hapa. Mashua ya uokoaji ya Mumbles ilitoka na watu wanane. Mabaharia 39 wa meli walikufa, na waokoaji wote wanane walikufa. Kanisa la All Saints lina dirisha la vioo vya rangi kwa kumbukumbu yao. (Kanisa hilohilo, kwa wapenda vichekesho vya historia, ndiko alikozikwa mwaka 1825 Thomas Bowdler, yule aliyeifyeka Shakespeare mistari ya aibu ili isomwe mbele ya familia.) Baada ya msiba ule ungedhani kitongoji kingesema imetosha. Wakapata mashua nyingine na wanaume wengine wakajitokeza. Kituo kipya kilifunguliwa mwaka 2014 mwishoni mwa gati. Wengi wa wanaotoka na mashua hizi ni watu wa kujitolea, na fedha ni za michango: vikopo madukani, wasia wa wazee, mauzo ya keki. Hakuna anayeuliza kama uokoaji unalipa.

Kwa hiyo wanaweza. Mtu anayetia sarafu kwenye kikopo cha mashua bila kudai hesabu ndiye huyohuyo anayesema tramu mpya haitalipa, na kwamba ukuta wa baharini utaharibu mandhari. Nimemsikia. Ni mtu mwema kabisa, hukopesha ngazi.

Kila baada ya muda huzuka kundi linalotaka reli irudishwe, na kila mara jibu huwa gharama. Sitegemei kuiona. Ila kama karatasi ya ule mradi wa umeme wa maji kujaa na kupwa itarudi mezani, nami nikagongewa mlango kuulizwa, nitatia sahihi hapohapo kizingitini. Bili yangu ya umeme ikipanda pauni kadhaa, na ipande.