Pima Kwanza, Ndipo Useme Imekufa

Ukiingia stoo za makanisa huku kwetu, Mbeya, Tukuyu hata Iringa mjini, hukosi kukuta dramu ya umeme au mashine ya midundo iliyofunikwa kanga kuukuu. Ukiuliza, jibu ni lilelile: "Hiyo imekufa, fundi amesema." Mimi nasema nyingi kati ya hizo ni nzima, na aliyezihukumu hakuzipima. Inaniuma, kwa sababu kwaya hiyohiyo itachangishana mwaka mzima inunue nyingine.

Shida kubwa ni kwamba mafundi wetu wanakimbilia kwenye aisii, zile chipu ndogo nyeusi za kwenye bodi. Kifuniko kikishafunguliwa, bodi yote inaanza kulehemiwa upya. Wakati hata umeme unaoingia haujapimwa.

Na umeme ndiko kwenye kazi. Mashine iliyotengenezwa iuzwe Japani inataka volti 100, ya Marekani inataka 120. Soketi ya Mwanjelwa, hapa Mbeya, inatoa 230. Mtu akichomeka ya Japani moja kwa moja, akibahatika itakufa fyuzi, asipobahatika itaungua transfoma. Vyote viwili vinabadilishika, na mara nyingine bodi ya ndani haijaguswa kabisa. Kisha kuna adapta. Mashine ya midundo ya Alesis SR-16, iliyotoka mwaka 1990, ilitumia adapta ya volti 9 za AC (umeme unaogeuka mwelekeo, kama wa ukutani), ilhali adapta nyingi za madukani ni za DC (umeme wa mwelekeo mmoja, kama wa betri). Plagi inaingia bila shida, mashine haifanyi kazi, na hukumu inatolewa palepale. Mashine nyingi za Roland za volti 9 zinataka DC yenye hasi katikati ya plagi, na adapta ya mtaani inaweza kuwa kinyume. Soma maandishi yaliyo karibu na tundu la umeme, halafu weka mita kwenye adapta.

Ikiwa mashine inawaka lakini inanguruma, sikiliza mngurumo wenyewe. Umeme wetu ni hezi 50. Mngurumo wa hezi 100 huelekeza kwenye kapasita kubwa (vifaa vinavyohifadhi chaji) za pawa saplai zilizokauka kwa umri. Ule mzito wa hezi 50 mara nyingi unatoka kwenye waya na athi kati ya mashine na mikisa. Kapasita mpya iwe na volti sawa na ya zamani au zaidi, na chanya na hasi zikae mahali pake. Kabla ya kushika humo ndani chomoa plagi, kisha pima kama kapasita zimeisha chaji. Swichi ikizimwa, upande wa volti 230 bado unaweza kuwa na umeme.

Pedi ikikaa kimya, hamisha waya kwanza. Pedi iliyo kimya ipewe waya wa pedi inayolia, halafu ijaribiwe kwenye tundu lingine. Kwa njia hiyo utajua kama ugonjwa uko kwenye waya, pedi au mashine, na hujafungua skrubu hata moja. Ndani ya pedi nyingi kuna kisahani cha piezo, kinachogeuza pigo kuwa umeme, na mara nyingi kilichokatika ni uzi mwembamba uliolehemiwa juu yake, au sponji iliyo chini yake imeoza. Tukuyu, kwa mvua ile, jeki hushika kutu na vitufe vya mpira hugoma. Spiriti na kitambaa safi vinatosha. Betri zilizovujia ndani ni hatari zaidi, kwa sababu zinakula njia za shaba kwenye bodi. Zitoe, usafishe kwa siki kidogo, umalizie kwa spiriti. Betri ndogo ya volti 3 ikiisha, mashine husahau midundo iliyohifadhiwa, lakini sauti zake zinabaki palepale.

Kuna tabia nyingine naipinga kabisa: kubadilisha transista zote "kwa sababu ni za zamani". Mashine ya midundo ya Roland TR-808 ya mwaka 1980 ilitumia transista zenye kasoro, zilizochaguliwa makusudi kwa ajili ya kelele zake, na uzalishaji wake ulikoma 1983 baada ya transista za namna hiyo kukosekana. Fundi anayeweka transista mpya safi mahali pake ameondoa sauti iliyofanya mashine ile itafutwe dunia nzima. Badilisha kile ambacho mita imekuonyesha kuwa kibovu, basi.

Zipo zisizopona. Aisii maalumu ya kiwanda ikiungua, spea yake hutolewa kwenye mashine nyingine ya aina hiyohiyo. Hizo ningependa zipelekwe kwenye vyuo vya ufundi vya VETA, Mbeya au Iringa, badala ya kuuzwa kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Kwenye dramu za zamani kama Simmons SDS-V ya 1981 kila sauti ina sakiti yake, kijana anaweza kuifuata kwa kidole tangu pedi hadi spika. Kwenye mashine za sasa, chipu moja inafanya yote, na hilo somo halipo.

Kwa kwaya zinazojiandaa kupeleka mashine kwa fundi: ipelekeni pamoja na adapta yake, waya zake na pedi zake zote. Fundi aliyeletewa boksi tupu hawezi kujua kama adapta ndiyo mbovu.