Mtu Aliyevuka Ugogo Mara Sita

Jumamosi mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la tano, alikuja kwangu Nkuhungu, Dodoma, na zoezi lililosahihishwa kwa kalamu nyekundu. Swali la saba: nani aligundua Ziwa Victoria? Yeye aliandika "Wasukuma". Kosa. Pembeni kaandikiwa jibu: John Speke.

"Shangazi, kwani Wasukuma walikuwa hawalioni?"

Chai yangu ilipoa pale pale. Mwalimu simlaumu, anafundisha alichofundishwa, na mimi nilikariri jibu hilo hilo nikapata vema yangu. Lakini tuseme tunalikubali swali kama lilivyo, kwamba tunamtafuta mgeni aliyefika ziwani tarehe 3 Agosti 1858. Hata hivyo Speke hakuwa peke yake. Ubavuni mwake alikuwepo Sidi Mubarak Bombay, na huyu ndiye aliyeninyima usingizi usiku ule.

Alizaliwa Uyaoni, nchi ya Wayao, yapata mwaka 1820. Akiwa mtoto wa miaka kama kumi na miwili, kijiji chao kilivamiwa, akaswagwa hadi Kilwa, akauzwa. Kutoka hapo Unguja, kisha baharini hadi Gujarat, India, akatumikishwa miaka mingi mpaka bwana wake alipofariki akapata uhuru. Jina alilopewa na mama yake limepotea. Hilo la Bombay ni la mji wa watu. Alirudi Unguja mtu mzima, akaingia uaskari wa Sultani, na mwaka 1857 wavumbuzi wa Kiingereza, Burton na Speke, wakamchukua kwenda bara.

Sasa nisikilizeni vizuri. Speke hakuwa na Kiswahili cha kuongea na watu. Alikuwa afisa wa jeshi la Waingereza huko India, akijua Kihindustani, na Bombay alikuwa amejifunza lugha hiyo utumwani. Ziwa lina ukubwa gani, linaishia wapi, maji yake yanakwenda upande gani: maswali hayo yalitoka kinywani mwa Speke kwa Kihindustani, yakaingia kwa Bombay, yakatoka kwa Kiswahili kwenda kwa wenyeji, na majibu yakarudi kwa njia hiyo hiyo. Kila alichoelezwa Speke kuhusu ziwa lile kilipita kwenye ulimi wa mtu aliyewahi kuuzwa. Tunawezaje kumfuta mtu huyo kwenye jibu, halafu tukaliita jibu sahihi? Na ni Speke huyo huyo ambaye katika safari iliyofuata alimpiga ngumi, akaandika mwenyewe kwamba alimpiga.

Safari hiyo ya pili, ya Speke na mwenzake Grant, 1860 hadi 1863, ilimfikisha Bombay Cairo kwa kuufuata Mto Naili. Mwaka 1871 alikuwa na mwandishi wa habari Stanley kumtafuta mmisionari Livingstone. Mwaka 1873 akatoka Bagamoyo na Mwingereza mwingine, Cameron, na Novemba 1875 wakatokea bahari ya upande wa pili, Angola. Inakadiriwa alisafiri kilometa 9,600 hivi, sehemu kubwa kwa miguu.

Sisi wa Dodoma tuna sababu yetu ya kumjua. Nilikaa na daftari la kijana nikahesabu alivyovuka Ugogo, nchi hii yetu ya Wagogo. Burton na Speke, kwenda na kurudi: mara mbili. Speke na Grant, kwenda: mara tatu. Stanley, kwenda na kurudi: mara tano. Cameron: mara sita. Mara sita mtu huyu amekanyaga vumbi letu, amepita chini ya mibuyu yetu, ameomba maji kwenye tembe za mababu zetu. Ukitoka Mpwapwa kuja huku kulikuwa na pori la Marenga Mkali, maji yake machungu. Misafara ililivuka kwa telekeza: mnaondoka mchana jua likiwaka, mmebeba maji ya njiani, mnalala pakavu, asubuhi mnaendelea mpaka mkute maji. Leo neno hilo tumebaki nalo kwa mtu aliyemwacha mke na watoto. Bibi yangu alifuata maji kwa mguu hadi uzeeni, na nikisoma habari za telekeza namwona yeye na ndoo yake kichwani.

Na hongo! Si rushwa ya leo, bali ushuru wa kupita nchini mwa watu, uliolipwa kwa nguo. Wageni wote waliopita wamelalamika katika vitabu vyao kwamba watemi wa Ugogo walikuwa wanyang'anyi. Msafara wa mamia ya watu unakuja kiangazi, unakunywa kisima mlichokichimba kwa mikono, unakula nafaka yenu, halafu usidaiwe nguo? Ilikuwa haki yao. Bombay alikuwa miongoni mwa waliotumwa kwa watemi kujadili doti ngapi zitolewe, na msafara ukapita bila damu. Kazi hiyo haina swali kwenye zoezi.

Ndiyo, alilewa. Ndiyo, aligombana na wenzake na mizigo ikapotea. Na nakubali kwa shingo upande kwamba njia alizowaonyesha wageni ndizo walizopita waliokuja kututawala. Lakini mzigo huo asibebeshwe yeye, huku sifa ya ziwa tukimpa mwingine.

Chama cha Kifalme cha Jiografia cha London kilimpa nishani ya fedha, na mwaka 1876 kikampa pensheni. Alifariki 1885, na miaka kama sitini na mitano. Kwa mtu aliyepita utumwani, akapita kwenye homa na ndui za misafara, huo ni umri mrefu sana. London walimkumbuka akiwa hai. Hapa Dodoma, katika miaka yangu yote, sijakutana na kibao hata kimoja chenye jina lake.

Nilimsimulia kijana yote haya mpaka giza likaingia. Alihesabu vidole, mara sita, akacheka kwa mshangao, akaandika "Bombay" kwa penseli kando ya lile jibu jekundu. Kisha akaniuliza: "Shangazi, wakiuliza tena kwenye mtihani niandike nani?"

Nilimwambia aandike Speke, asije akakosa alama. Nilisema hivyo nikitazama pembeni, na tangu Jumamosi sijapata amani.