Nenda na kopo lako kwa Mangi

Rambo, ile mifuko ya plastiki, zilipopigwa marufuku Tanzania Bara, Juni 1, 2019, watu wa Dar tuliulizana nyama tutabebea nini. Mama zetu jibu walikuwa nalo siku nyingi: kapu la ukili na bakuli lenye mfuniko. Sisi tukakimbilia ile mifuko mbadala ya kitambaa laini, tukaizoea vilevile tulivyoizoea rambo. Leo chungulia nyuma ya mlango wa jiko lolote, Tabata hadi Mbagala, utakuta lundo lake linaning'inia kwenye msumari. Tunatoka mikono mitupu, tukifika sokoni tunanunua mwingine.

Lakini mifuko ni nusu tu ya hadithi. Angalia kiroba cha taka cha nyumba ya kawaida: kipakiti cha sabuni ya unga, kipakiti cha maziwa, cha bizari, cha majani ya chai, cha mafuta ya nywele. Katazo la 2019 lililenga mifuko ya kubebea, vifungashio vya viwandani vikabaki. Na wanaonunua vipakiti hivyo si wajinga. Hela ya mwenye bodaboda au mama wa vitumbua inaingia kwa siku na inatoka kwa siku. Mtu akinishauri "nunua kwa jumla, utaokoa", najua hajawahi kupanga chumba kimoja na watoto watatu, akatafuta pa kuweka gunia la mchele ambapo panya hapafiki.

Ndiyo maana mimi natetea kupima, yaani kununua vitu vya kupimiwa dukani. Wengi wanaona kupima ni alama ya shida, kwamba mwenye uwezo hununua chupa yenye nembo. Kwangu ni kinyume. Kupima ndiyo njia pekee ya kununua kidogo bila kununua na takataka juu yake, ili mradi uende na chombo chako.

Shangazi yangu anayekaa Ilala ni mtaalamu wa jambo hili. Chupa yake ya mafuta ya kula ilishakuwa ya juisi, lebo imebanduka zamani, na shingoni ameifunga kipande cha khanga ili isimteleze mkononi. Mangi, mwenye duka la mtaani, anavuta pampu ya pipa, anajaza kile kikopo cha robo, anamimina kwenye faneli. Hapo mauzo ya wengine huwa yameisha. Ya shangazi bado. "Mangi mwanangu, kiache kichuruzike." Kikopo kinainamishwa juu ya faneli, foleni nyuma inaguna, yeye anatazama tone moja moja likishuka kama vile lina jina lake. Akiridhika ndipo anafunga kizibo, anafuta chupa kwa kile kipande cha khanga, anaaga kwa heshima zote.

Kwa mafuta, mji mzima unajua utaratibu huo. Kwa nini tunauacha kwenye sukari, maharage, unga na mchele? Huko Mangi anatufungia kwenye vifuko laini vyeupe, na tukifika nyumbani tunavipasua kwa meno na kuvitupa. Kopo la maziwa ya unga lililokwisha linatosha kabisa. Tahadhari ni moja: kopo tupu lina uzito wake. Lipimwe kwanza likiwa tupu, mizani irudishwe sifuri, ndipo sukari imiminwe. La sivyo utalipia bati kwa bei ya sukari, na Mangi hatakukumbusha.

Jikoni kwenyewe kuna mambo mawili ninayoyashikilia. La kwanza ni maganda. Zaidi ya nusu ya taka za jiji hili ni za chakula, na ndizo zinazofanya kiroba kiwe kizito, kivuje na kunuka. Ukitenga maganda ya ndizi, viazi na tikiti kwenye ndoo, hukosi jirani mwenye mbuzi. Kiroba kinachobaki ni kikavu, kinaweza kusubiri gari la taka hata likichelewa. Na linachelewa, ingawa ada ya mwezi haichelewi kudaiwa. Wakati wa masika viroba vilivyosubiri barabarani vinaingia mtaroni, mtaro unaziba, na taka zinazopita zinaelekea mto Msimbazi. Kisha tunashangaa bonde la Jangwani kujaa.

La pili ni sufuria ya wali. Nasifu kiporo na chai ya rangi kama Mswahili yeyote, ila wali wa nazi kwa joto la Dar haulali mezani ukaamka salama. Ukisahaulika usiku, alfajiri umeshachacha. Tunapika mwingi kwa kuogopa mgeni atakayetukuta sufuria haina kitu. Mgeni mwenyewe siku hizi anapiga simu kabla hajaja. Pima mchele kwa kikombe, na akitokea bila taarifa, chapati na chai vinamtosha.

Ninapotofautiana na wenzangu wabana matumizi ni kwenye kuhifadhi kila kitu. Kuna nyumba uvungu wa kitanda umejaa chupa tupu "zitakazofaa". Hazifai, zinafuga mende. Bakiza unazozitumia, nyingine mpe kijana anayepita kuokota, yeye anauza kwa kilo na siku yake inakwenda. Dumu la mafuta halina haja ya ushauri wangu, Dar hakuna anayelitupa. Linageuka la maji siku hiyohiyo. Ila lililobeba dawa ya kuulia wadudu lisije likakaribia maji ya kunywa, hata ulisugue na mchanga mara ngapi.

Nina madai yangu kwa wenye maduka pia. Vile vifuko vyeupe hawapewi bure, wanavinunua, na gharama yake imo ndani ya bei ya sukari. Maana yake mimi mwenye kopo nalipia kifuko cha mwenzangu. Nilimwambia Mangi wa mtaani kwetu anipunguzie japo shilingi hamsini. Akacheka, akasema kwa mteja mmoja hawezi kubadili bei, wakija kumi na makopo yao tutaongea vizuri.

Natafuta wenzangu tisa.