Siku niliyobishana na mama mkwe kuhusu bahari

Likizo ya baridi ina siku yake moja mbaya, kwetu huwa ni ya tatu au ya nne hivi, watoto wameshazichoka katuni, wakubwa wameshawachoka watoto, madirisha yamefungwa wiki nzima na nyumba inanuka soksi, basi lazima atokee mtu aseme jamani twendeni tukatembee ufukweni. Mwaka ule aliyesema ni mimi. Na kwa vile wazo langu, nikajipa na cheo kabisa, mi ndo kiongozi wa msafara, mtu asiulize ulize.

Nilijiandaa lakini, nisionewe. Usiku wake nilifungua jedwali la maji kupwa na kujaa la sehemu ile, maana ili ufike kwenye kile kighuba kizuri chenye makombe unazunguka rasi ya mawe, na njia yake ni kipande cha mchanga ambacho bahari ikijaa hakipo. Nikaangalia, nikachukua bahasha ya barua ya umeme, nikaandika nyuma: "6:15 maji chini kabisa". Nikalala kama mtu aliyelipa madeni yote.

Asubuhi nikawatangazia mezani. Saa sita na robo mchana maji ndo yatakuwa chini kabisa, kwa hiyo tukianza kutembea saa tatu na nusu bahari inarudi nyuma muda wote tuliopo, tuna karibu saa tatu za kutamba. Nikaongezea na elimu, kwamba juzi mwezi ulikuwa mpevu kwa hiyo haya ni maji ya bamvua, yakitoka yanatoka mbali kuliko kawaida. Kwamba bamvua ikijaa nayo inajaa kuliko kawaida sikuona haja ya kuwasumbua nalo. Nikawaambia tena wasiogope baridi ya maji, bahari inapoa polepole, mwezi wa kumi na mbili bado ina kajoto ka kiangazi, baridi yenyewe kali ya maji mara nyingi inakuja mwezi wa pili wa tatu huko. Hii ni kweli kabisa na naomba muikumbuke.

Msafara ulikuwa hivi: mimi, mke wangu, watoto watatu, mkubwa ana miaka 13 na mdogo minne, na mama mkwe aliyekuja kututembelea. Mama mkwe kazaliwa na kukulia pwani, baba yake mvuvi, lakini ni mpole, hajawahi kunikosoa mbele za watu hata mara moja, nadhani alikuwa anaiwekea akiba siku ile. Kwa heshima yake nikambebea kiti cha kukunja, apumzike akichoka. Kiti nacho mkikumbuke.

Tumefika upepo unapiga hatari, ule wa kukutoa machozi halafu watu wanadhani una huzuni. Tukaanza kuzunguka rasi, kipande cha mchanga kipo lakini chembamba, nikasema mnaona, bado yanatoka, tukirudi hapa patakuwa uwanja wa mpira. Mama mkwe kasimama, kaangalia chini, kagusa mchanga kwa ncha ya kiatu.

"Baba, mbona mchanga huu mkavu?"

"Si ndo vizuri mama, hatutaloa."

"Bahari ikitoka inaacha mchanga umelowa nyuma yake. Hapa maji yanagusa mkavu. Haya yanajaa."

Hapo mtu mwenye akili angesema tusimame kidogo tuangalie. Mimi nikatoa bahasha. Nikamwonyesha mwandiko wangu mwenyewe kama ushahidi dhidi ya bahari nzima, nikasema kwa adabu zote, mama siku hizi haya mambo yanapigwa hesabu mwaka mzima kabla, hayakosei. Akaniangalia, akasema "haya baba", na wote mliooa mnajua "haya baba" ya mama mkwe ina uzito gani.

Kwenye kighuba palikuwa raha, sitaongea uongo. Watoto waliokota makombe, mdogo akakuta kaa aliyekufa akakataa kumwacha, tukanywa chai ya kwenye chupa, kiti nikakikunjua mama hakukikalia hata dakika, muda wote kasimama anaangalia maji kama mtu anayengoja basi. Baada ya robo tatu saa hivi akamwita binti yake pembeni, wakanong'ona, mke wangu akaja kwangu na ile sauti yake ya chini: kusanya vitu, tunaondoka.

Tumefika kwenye rasi. Uwanja wa mpira hakuna. Hata ule mchanga mwembamba hakuna. Ni maji tu yanapanda kwenye mawe na kushuka, yanapanda na kushuka, ukubwa wa magoti hivi, na wimbi likija mapaja.

Nikatoa bahasha tena. Sijui nilitegemea imebadilika. Mkubwa akachungulia begani kwangu, akatoa simu yake, akafungua jedwali lenyewe, kakaa kimya kidogo halafu akauliza, "Baba, hii imeandikwa 06:15. Hiyo sifuri mbele si inamaanisha alfajiri?"

Ndugu zangu. Jedwali limeandika saa kumi na mbili na robo alfajiri, giza totoro, mimi nimekopi tarakimu nikaacha sifuri, asubuhi nikaisoma kwa mdomo wa mama yangu mzazi, saa sita na robo. Na ubaya wa bahari ni kwamba kutoka kupwa mpaka kujaa ni saa sita na dakika chache, na saa yetu na saa ya simu zimepishana saa sita kamili. Yaani ukikosea kwa namna hii hukosei kidogo, unakosea mpaka upande wa pili kabisa, ule muda niliotangaza maji chini ndo maji yamejaa yote. Halafu maji hayapandi kwa mwendo mmoja, saa ya kwanza yanajivutavuta, saa ya tatu na ya nne ndo yanakimbia, na sisi tulikuwa tunakunywa chai ndani ya saa ya nne hiyohiyo.

Nikapendekeza tusubiri yatoke. Mke wangu akapiga hesabu (safari hii aliipiga yeye), mchanga ungeonekana tena karibu saa kumi jioni, muda ambao na jua la majira haya linazama, na mdogo alikuwa ameshaanza kucheza ile dansi ya kubanwa mkojo. Ukuta wa mawe juu yetu haupandiki. Mama mkwe hata hakutusikiliza, alishapandisha suruali.

"Sasa hivi magoti. Tukikaa kikao yatakuwa kiuno. Nipe mtoto."

Akamfunga mdogo mgongoni kwa skafu, na kaa wake mkononi, akasimama anayatazama mawimbi, makubwa matatu manne yakapita, palipotulia akasema twende, akatembea ameegemea mawe kama anaenda sokoni. Mke wangu na wa kati nyuma yake, mkubwa nyuma yao. Wote wakavuka wameloa mapaja tu basi.

Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu nahodha anashuka mwisho, na pia kwa sababu nilikuwa nakunja kiti. Maji yakaingia kwenye buti za mpira. Kile kijoto cha kiangazi nilichokisema asubuhi, sijui kilienda wapi, nilipiga kelele ambayo mkubwa anaigiza mpaka leo. Buti zikijaa maji humo ndani huoni uzito, balaa ni pale unapotaka kuinua mguu kupanda jiwe, unainua mguu na ndoo nzima. Nikavuta mguu ukaja, buti likabaki. Nikainama kulifuata. Na kiti nacho, ambacho nyumbani tunakifungua watu wawili na kutukanana, kikachagua dakika hiyo kujifungua chenyewe nyuma yangu, wimbi likaja likanisukuma, nikakaa.

Sio nikaanguka. Nikakaa. Kwenye kiti, mgongo umenyooka, chupa ya chai mapajani, maji kifuani, nimeelekea baharini kama mtu aliyekata tiketi. Ng'ambo kulikuwa na mzee mmoja na mbwa wake. Mzee hakusema kitu. Mbwa ndo alibweka, halafu naye akakaa.

Aliyekuja kunitoa ni mama mkwe. Alishusha mtoto, akarudi ndani ya maji, akanishika kwapa, akaninyanyua mimi na kiti kwa pamoja, na neno hata moja hakusema, mpaka kwenye gari, hita inavuma, nimekalia mfuko wa takataka, mguu mmoja una buti na mwingine una soksi, ndo akageuka taratibu kutoka kiti cha mbele.

"Baba, ile bahasha umeiokoa?"

Siku hizi kwenye gurupu la familia kuna saa ya mdomo na saa ya simu na ukiandika muda bila kusema ni ipi unapigwa maswali mpaka uombe radhi. Shemeji yangu hakuwepo siku ile kwa hiyo anajifanya hayamhusu. Juzi kaandika "nafika saa 3", kaulizwa mara tano ipi, hakujibu. Tukampikia asubuhi. Kaja saa tisa alasiri, ana njaa, anashangaa mbona chapati za baridi.