Mpango wa Shemeji wa Kwenda Svalbard

Shemeji yangu ni mtu wa mipango, na alipoamua kwamba majira ya machipuko tungezuru Svalbard, visiwa vya Norwei vilivyo mbali kaskazini, alinunua daftari la jalada gumu na kunikataza kulifungua bila ruhusa yake. Haki yake nimpe: mpango ulikuwa mzuri. Yeye ndiye aliyegundua kwamba, ingawa Norwei imo katika eneo la Schengen, yaani nchi za Ulaya zisizokaguana pasipoti mipakani, Svalbard haimo, kwa hiyo mgeni anayehitaji viza na anayepitia Oslo lazima awe na ruhusa ya kuingia zaidi ya mara moja, la sivyo akishavuka kwenda visiwani hana pa kurudia. Alijua pia kwamba hatukuruhusiwa kutoka nje ya mji ovyo kwa sababu ya dubu barafu, na kwamba kiongozi wetu wa safari ya sleji, chombo cha kuteleza kwenye theluji kinachovutwa na mbwa, angebeba bunduki.

Simu zilikuwa na ukurasa wao. Kwa kuwa baridi kali humaliza chaji ya betri upesi, aliamuru zizimwe, zifungwe ndani ya soksi za sufu na kuwekwa chini kabisa ya begi, zisiguswe isipokuwa kwa dharura. Saa tungeisoma kwenye saa yake ya mkononi, ya mishale, aliyorithi kwa baba yake. Kuhusu jua, ambalo huko Longyearbyen, mji tuliokwenda kufikia, halitui kabisa kuanzia takriban tarehe 20 Aprili hadi kwenye tarehe 22 Agosti, daftari lilikuwa na mstari mmoja tu: “Picha zitatoka vizuri.”

Tulifika wiki ya mwisho ya Aprili, mchana, tukiwa tumechoka hata kusalimiana ni kazi. Mlangoni mwa hoteli tulitakiwa kuvua viatu, desturi iliyobaki tangu enzi za wachimba makaa ya mawe, waliokuwa wakirudi kutoka migodini na vumbi jeusi miguuni. Mimi naiona ni desturi njema, ila si kwa mtu aliyevaa buti za kamba zinazofika karibu na goti. Tulipanda chumbani, shemeji akasema tujinyooshe kidogo tu, na hapo ndipo ninapokoma kukumbuka.

Nilichosikia baadaye ni ukelele: “Shemeji, amka! Saa mbili! Mbwa wanakuja!”

Nilichungulia dirishani. Theluji iling’aa kiasi cha kuumiza macho. Nilishangaa kwamba tumelala tangu jana mchana, lakini mishale haikuwa na shaka, na shemeji alikwisha kuvaa suruali ya tatu. Tulishuka mbio hadi kwenye chumba cha kulia, ambako mhudumu alitusalimu kwa Kiingereza kwa salamu ya jioni. Shemeji aliniinamia akaninong’oneza kwamba tusimcheke, kwani Kiingereza si lugha yake. Tuliletewa nyama ya kulungu wa kaskazini, viazi na mchuzi mzito. Watu wa meza ya jirani walikuwa wakinywa mvinyo. Shemeji alitafuna kwa heshima, akanieleza kwamba mji uliojengwa na wachimba migodi hauwezi kufungua kinywa kwa chai na mkate.

Kisha tukatoka nje, tukafunga zile kamba, tukasimama kungoja mbwa. Tulivaa nguo nyingi kiasi kwamba mikono haikushuka ubavuni. Wapita njia walitutazama, nasi tukawapungia. Kope zilipoanza kushikana kwa barafu, shemeji alitangaza kwamba sasa hiyo ni dharura, akavua buti, akapanda chumbani, akaitoa simu ndani ya soksi na kumpigia kiongozi ili amkaripie kwa kuchelewa. Aliporudi, baada ya kufunga kamba tena, hakuwa na sauti ya karipio.

“Amesema mbwa wamelala,” aliniambia. “Amesema na sisi tukalale. Eti ni usiku.”

Tulirudi ndani. Mapazia ya vyumba vya huko ni mazito, yametengenezwa kwa ajili ya watu kama sisi, na shemeji aliyabana kwa pini za nguo pasibaki hata ufa. Simu aliirudisha ndani ya soksi, soksi chini ya begi, kama mpango ulivyosema.

Ndiyo maana mlango ulipogongwa, na sauti ikasema kwamba sleji iko tayari, na saa ya mkononi ikaonyesha saa mbili, shemeji hakuinuka. Alijibu kutoka chini ya blanketi, kwa upole, kwamba mchezo huo tumekwisha kuufahamu na hatudanganyiki tena. Kiongozi akasisitiza kwamba ni asubuhi. Shemeji akamtaka athibitishe. Nilisikia kimya, kisha nyayo za soksi zikiondoka, na baada ya muda kundi zima la mbwa likabweka chini ya dirisha letu.

Tulipita chumba cha kulia tukikimbia, sahani za kiamsha kinywa zikiwa tayari zinaondolewa. Mhudumu yuleyule alitutakia asubuhi njema. Shemeji alinyakua kipande cha mkate kwenye trei yake, akanigeukia na kusema kwamba angalau Kiingereza cha huyu kijana sasa kimenyooka.