Imethibitishwa kwa kupima nini?

Wifi yangu kanitumia tena lile tangazo la mafuta ya kutia kwenye maji ya kumwogeshea mtoto mwenye pumu ya ngozi. "Imethibitishwa na wataalamu," linasema, na picha mbili: mguu uliobabuka, mguu laini. Chupa moja bei yake kilo mbili za nyama.

Haya, imethibitishwa kwa kulinganishwa na nini? Pumu ya ngozi hupanda na kushuka yenyewe. Mzazi hukimbilia dawa siku mambo yamechacha. Wiki mbili baadaye ngozi imetulia, sifa zote zinaenda kwa chupa. Hata maji ya kuoshea mchele yangesifiwa. Uingereza walifanya kazi inavyotakiwa: utafiti wa BATHE, uliochapishwa 2018, uligawa watoto 483 kwa bahati nasibu, kundi moja likaogeshwa kwa mafuta ya namna hiyo, jingine bila, na wote wakaendelea kupakwa mafuta yao ya kawaida kwenye ngozi. Tofauti ya maana haikuonekana. Sawa, waliooga mara 5 au zaidi kwa wiki huenda walinufaika kidogo, na wa kwetu huoga hata mara mbili kwa siku. Ila "huenda, kidogo" haiuzi chupa, ndiyo maana hamtaiona kwenye tangazo.

Nilichowapendea watafiti wale ni kipimo walichotumia, POEM. Maswali 7 tu, na anayejibu ni mzazi au mgonjwa mwenyewe: wiki hii kawashwa siku ngapi? Usingizi umekatika siku ngapi? Ngozi imetoka damu, imepasuka? Nani aliyewahi kupiga picha ya mtoto anayejikuna saa tisa usiku?

Kuna kipimo kingine, EASI, ambacho daktari hutazama ngozi na kutoa alama, na mojawapo ni ya wekundu. Wekundu gani, jamani, kwenye ngozi ya mwanangu? Kwake ugonjwa ukipamba moto huja na zambarau, kijivu, au weusi uliokolea. Daktari asiyezoea ngozi nyeusi ataandika "si kali" na shuka nyumbani lina damu. Na yale madoa meusi yanayobaki miezi kadhaa baada ya ngozi kupoa? Hayamo kwenye hesabu kabisa. Kwa karatasi zao mtoto kapona, na mimi kila nikipita sokoni naulizwa kama aliungua na uji.